Maumivu na usumbufu baada ya operesheni ya kukaza tumbo: lipi la kawaida, lipi la kukurudisha hospitali

Ukirudi nyumbani baada ya operesheni ya kukaza tumbo, mwili hukuletea jambo jipya kila saa. Hapa panavuta, pale pana ganzi, mrija wa kutoa majimaji ya kidonda unachoma, choo hakitoki, tumbo lililolala asubuhi limevimba tena jioni. Na nyumba imejaa watu wenye mapenzi mema, kila mmoja na dawa yake: shangazi ana maji ya moto, jirani ana mafuta ya mitishamba, rafiki ana vidonge vilivyobaki alipopasuliwa yeye. Hapa tutafuata dalili moja baada ya nyingine: inatokana na nini, ufanye nini nyumbani, na wakati gani uache kubahatisha.

Kwanza elewa ulichofanyiwa, maana nusu ya hofu huisha hapo. Katika operesheni kamili, daktari hupasua chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, hubandua ngozi na mafuta juu ya misuli mpaka karibu na mbavu, huishona pamoja misuli iliyoachana kwa mimba au unene, kisha huvuta ngozi chini na kukata inayozidi. Kitovu hubaki kwenye shina lake na hutolewa nje kupitia tundu jipya. Kwa nje unaona mshono mmoja mrefu na mwingine mdogo kuzunguka kitovu, lakini kidonda cha ndani ni kipana kuliko mshono unavyoonyesha. Humo ndimo usumbufu mwingi unamotoka: misuli iliyokazwa, mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa, na nafasi ambamo majimaji yanaweza kujikusanya.

Jambo moja la kushika kuliko yote: angalia mwelekeo wa maumivu. Maumivu ya kupona huwa makali siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hushuka, leo nafuu kuliko jana hata kama ni kidogo. Yapo pande zote mbili, huzidi ukijisogeza na hutulia ukilala vizuri. Maumivu yaliyokuwa yanashuka kisha yakapanda, yaliyo upande mmoja tu, au ambayo dawa haiyagusi kabisa, yana sababu nyingine, na sababu hiyo hutafutwa hospitali.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, kigimbi kinauma au kina joto. Au pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, moyo unakwenda mbio, unakohoa damu, unataka kuzimia. Hizi zinaweza kuwa dalili za damu kuganda mguuni, au donge la damu kufika kwenye mapafu. Miongoni mwa operesheni za urembo, hii ya tumbo ni mojawapo ya zenye hatari kubwa zaidi ya jambo hili: operesheni ni ndefu, tumbo limekazwa, na mgonjwa anaogopa kutembea. Hatari haiishi siku unaporuhusiwa kutoka wodini, inaendelea kwa wiki kadhaa. Usikubali mtu aukande huo mguu. Nenda hospitali yoyote ya karibu yenye huduma ya dharura, hata kama si ile uliyopasuliwa, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba umepasuliwa tumbo karibuni.

Upande mmoja wa tumbo umevimba ghafla na kuwa mgumu, maumivu yamepanda, au mrija unajaza damu nyekundu tena na tena na wewe unasikia kizunguzungu. Huenda mshipa wa damu unavuja ndani. Hutokea zaidi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, na mara nyingine mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji.

Homa ya nyuzi 38 na zaidi, kutetemeka, usaha au harufu mbaya kwenye mshono. Tumbo kujaa huku unatapika na hupitishi hata hewa. Kushindwa kukojoa kwa saa nyingi na kibofu kimejaa. Kwa haya yote mpigie daktari wako simu saa hiyohiyo, na asipopatikana nenda hospitali.

"Tumbo linavuta, siwezi kunyooka"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Misuli imeshonwa ikutane katikati na ngozi imefupishwa, kwa hiyo siku za mwanzo usitarajie kunyooka. Tembea umeinama kidogo kiunoni, polepole, ukishikilia ukuta au bega la mtu. Anayejinyoosha kwa nguvu ili aonekane amepona anavuta mshono pale katikati, sehemu ambayo damu huifikia kwa shida kuliko nyingine zote. Wengi huanza kunyooka wenyewe kidogo kidogo kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Kulala ni vilevile, mwili uwe umekunjwa kidogo. Weka mito miwili au mitatu nyuma ya mgongo na mwingine chini ya magoti, ili mvuto upungue juu na chini. Ukilala chali umenyooka, au ukalala kwa tumbo, utaamka usiku ukidhani mshono umefumuka. Godoro la chini sakafuni ni adui wako wiki hizi; kama ndilo ulilozoea, omba kitanda au kochi mapema kabla hujapasuliwa.

Kuinuka kitandani ndiko kunakowaliza watu, na karibu kila mara ni kwa sababu wanainuka kwa misuli ya tumbo. Fanya hivi. Kunja magoti. Jigeuze kwa ubavu mzima, mabega na nyonga vikienda pamoja, bila kusokota kiuno. Teremsha miguu nje ya kitanda, na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko cha mkono wa chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu unaposhuka ndio unaokuinua, tumbo halifanyi kazi. Kaa ukingoni, chezesha vifundo vya miguu, vuta pumzi mara kadhaa, na kizunguzungu kikishapita ndipo usimame. Anayekusaidia asikuvute mikono, kwa sababu ukivutwa utajikaza tumbo bila kutaka. Aweke mkono wake nyuma ya mabega yako.

Choo cha kuchuchumaa hakifai kwa wiki za mwanzo. Maduka ya vifaa vya wagonjwa huuza viti vya choo, na wasiomudu hukata tundu kwenye kiti cha plastiki kigumu na kukiweka juu ya choo. Ni sawa kabisa, mradi kiti hakiyumbi na kingo za tundu zimelainishwa. Kwa Muislamu, swali umekaa. Ruhusa ya mgonjwa ipo, na kuinama kwa rukuu na sijda kungoje mpaka daktari aseme.

Kuhusu kunyanyua: madaktari wengi hukataza kitu cha zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 6 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi, naye hajui kwamba umepasuliwa; kaa kitini, apakatishwe mapajani na mtu mwingine, asikurukie. Kusonga ugali wa familia, kufua kwa kuinama, kupiga deki, vyote vinatumia misuli ileile iliyoshonwa. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu kina mama wengi hurudi jikoni siku wanayohisi nafuu ya kwanza, na nafuu hiyo ni ya ngozi, misuli bado. Ukiwahi kunyanyua kitu ukasikia kitu kimeachia ndani, kisha maumivu makali au uvimbe katikati ya tumbo, mpigie daktari, maana huenda uzi wa ndani umekatika.

"Dawa inaisha nguvu kabla ya muda wake"

Mara nyingi tatizo ni mpangilio. Mgonjwa anasubiri maumivu yapande, anameza, anangoja saa nzima, kisha anasema dawa haifanyi kazi. Siku za mwanzo dawa humezwa kwa saa, hata ukiwa unajisikia vizuri. Paracetamol kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, mwenye ini zima, ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Andika saa kwenye karatasi, ubandike karibu na kitanda.

Hatari ni kurundika. Dawa nyingi za mafua na za kichwa zinazouzwa dukani zina paracetamol ndani, na nyingine zimechanganywa na aspirini, ambayo huongeza kutoka damu. Soma pakiti, au mpelekee mfamasia pakiti zote kwa pamoja. Diclofenac na ibuprofen ni za ukoo mmoja: ukipewa moja usiongeze nyingine, na usianze yoyote kati yake bila daktari kusema, hasa ukiwa na vidonda vya tumbo, pumu, shinikizo la damu au shida ya figo. Tramadol, codeine na nyingine za aina hiyo huleta usingizi, kichefuchefu, kizunguzungu na kufunga choo. Zimeze kwa siku chache ulizoandikiwa, si pamoja na pombe wala vidonge vya usingizi. Vile vidonge vya rafiki, mrudishie.

Ukimeza kwa mpangilio na bado maumivu yanapanda, usiongeze kipimo. Angalia kwanza kama mkanda umejikunja, mrija umevutika au kibofu kimejaa. Ukikosa sababu, piga simu.

"Nikikohoa naona tumbo linapasuka"

Halipasuki, ingawa maumivu yenyewe ni ya kweli. Kaa na mto mdogo karibu muda wote. Kikohozi, chafya au kicheko kikija, kunja magoti, ukumbatie mto kwa mikono miwili juu ya tumbo, ndipo ukohoe. Koo linaloumia siku 1 hadi 3 baada ya nusukaputi limetokana na mrija wa kupumulia na huisha lenyewe. Lakini usikibane kikohozi: makohozi yakibaki sehemu ya chini ya mapafu huleta homa ya mapafu. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara kumi, taratibu, mpaka chini.

"Choo hakitoki siku ya nne sasa"

Watu huona aibu kulisema hili mpaka liwe tatizo kubwa. Sababu zimekutana pamoja: dawa kali za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo, hutembei, huli vya kutosha, hunywi maji kwa kuogopa safari za msalani. Juu ya hayo, kujikamua ndilo jambo lisilotakiwa kabisa kwa misuli iliyoshonwa.

Anza kabla hujafunga. Maji ya kutosha siku nzima, uji, papai, mchicha, maji ya ukwaju, na matembezi mafupi ya ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku. Maharage, kabichi na soda ziache kwa wiki ya kwanza. Gesi ndani ya tumbo lililokazwa huuma vibaya. Muulize daktari akuandikie dawa ya kulainisha choo kama lactulose tangu siku ya kwanza, sambamba na dawa za maumivu. Ukikaa chooni, weka miguu juu ya kigoda kidogo, egemea mbele, pumua kwa mdomo, usijikaze. Siku 3 au 4 zikipita bila kitu, piga simu, usije ukanywa dawa za mitishamba zinazoharisha: huleta msokoto na kuishiwa maji mwilini.

"Mrija unachoma, na umeacha kutoa"

Si kila mgonjwa huwekewa mirija. Baadhi ya madaktari huziba ile nafasi ya ndani kwa kushona ngozi na misuli pamoja. Ukiwa nayo, huitwa dreni wodini, na hukaa wiki 1 hadi 2 kwa kawaida. Hutolewa majimaji yakipungua hadi mililita 30 au chini kwa saa 24, kila daktari na kiwango chake.

Kuchoma pale mrija unapoingilia kwa kawaida ni kwa sababu unavutwa. Kichupa cha mwisho wa mrija, kinachokusanya majimaji, kikining'inia, uzito wote unakaa kwenye uzi mmoja wa ngozi. Kifunge kwa pini kwenye mkanda au nguo, chini ya tundu lake, mrija ukiwa na ulegevu kidogo. Wakati wa kuoga, kama umeruhusiwa, kitundike kwenye utepe shingoni.

Ukiona umeacha kutoa ghafla, angalia mambo matatu kwa mpangilio. Kichupa kimebonyea? Kama kimejaa hewa hakivuti: nawa mikono, fungua kifuniko, mwaga majimaji kwenye kikombe cha vipimo, minya kichupa mpaka kibonyee kabisa, na ufunge huku umekiminya. Mrija umekunjwa chini ya mkanda au chini yako? Unyooshe. Kuna kamba ya damu ndani yake? Shika mrija kwa nguvu karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa mkono mwingine ukamue kuelekea kwenye kichupa. Bado kimya na tumbo linajaa, ni kazi ya hospitali. Mrija ukichomoka, usiurudishe. Funika tundu kwa gozi safi upige simu.

Andika kila siku kiasi na rangi. Mwanzo ni damu, kisha hufifia kuwa waridi, kisha manjano ya maji. Rangi ikirudi nyuma kuwa damu nzito, au ikawa na ukungu na harufu, daktari ajue siku hiyohiyo.

"Tumbo linacheza maji"

Mrija umetolewa, wiki moja au mbili zimepita, na sasa chini ya kitovu pana uvimbe laini. Ukigusa upande mmoja, wimbi linakwenda upande wa pili. Mara nyingi hauumi, unakera tu na kubana. Hayo ni majimaji yaliyojikusanya ndani, tatizo linalotokea kuliko mengine yote baada ya operesheni hii, na halimaanishi kwamba umeharibu kitu. Kiasi kidogo mwili hunyonya wenyewe. Kikubwa hufyonzwa kwa sindano kliniki, na kwa kuwa ngozi ya hapo bado ina ganzi wengi hawasikii chochote. Huweza kurudiwa mara kadhaa. Usiliache kwa miezi, na asikutoboe mtu nyumbani kwa namna yoyote, kwa sababu majimaji hayo yakiingiwa na vijidudu ni jipu.

Mshono kwenye ngozi nyeusi

Karatasi nyingi za maelekezo husema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na mgonjwa akakaa siku mbili na maambukizi akisema "haijawa nyekundu". Wewe angalia haya: sehemu iliyoiva rangi kuliko ngozi ya jirani, yenye zambarau au kijivu; ngozi inayong'aa na kukaza; ugumu unaotambaa kutoka kwenye mshono; joto. Pima joto kwa mgongo wa kiganja safi, upande mmoja kisha mwingine, ulinganishe. Usitegemee tumbo likuambie, kwa kuwa limekufa ganzi. Mkono wako ndio wenye habari. Piga picha kila siku, saa ileile, karibu na dirisha lilelile, ili daktari akiuliza lilianza lini uwe na jibu.

Sehemu inayogeuka nyeusi kavu, baridi, au yenye malengelenge, hasa katikati juu ya mshono au kwenye kitovu, imekosa damu. Sigara na shisha huchangia sana, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu. Ndiyo maana huambiwa uache wiki kadhaa kabla na baada. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huchangia. Usibandue gamba hilo. Mshubiri, asali ya mtaani, majivu, dawa ya meno, vyote vikae mbali na mshono.

Uzi mdogo unaochungulia wiki ya nne au ya sita pamoja na kipele chenye tone la usaha ni jambo la kawaida. Daktari huukata kwa dakika moja.

Mkanda, mkaja na maji ya moto

Mkanda au nguo ya kubana huvaliwa karibu muda wote kwa wiki 6 hivi. Kazi yake ni kushikilia ngozi ishikane na misuli na kupunguza uvimbe. Ukikukata chini ya mbavu, ukikuachia mistari yenye kina, ukikubana pumzi au kukutia ganzi mapajani, umekaza kupita kiasi au umejikunja. Vidole viwili vipite kwa chini bila kung'ang'ania. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa utapata vipele vya jasho: vaa fulana nyembamba ya pamba kwa ndani, uwe na mikanda miwili ili mmoja ufuliwe na kukauka kabisa.

Sasa nizungumze na mama, shangazi na bibi wanaouguza. Desturi yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga mkaja baada ya kujifungua mnaijua vizuri, na mnapomwona binti amelala akiumwa tumbo mikono inawasha. Tafadhali msimkande huyu. Ngozi yake imekatwa mishipa ya fahamu, haisikii moto, na maji anayosema "ni ya kawaida" yanaweza kumuunguza mpaka malengelenge bila yeye kustuka. Damu inayofika pale ni kidogo, kwa hiyo kuungua huko huchelewa kupona. Chupa ya maji ya moto na barafu moja kwa moja kwenye ngozi ni hivyohivyo. Mkaja wa kanga nao hubana sehemu moja na kulegea nyingine, na fundo lake hukandamiza mshono. Mkanda wa hospitali ubaki peke yake. Mikono yenu inahitajika mgongoni, maana kutembea umeinama kwa wiki nzima huumiza kiuno: sugueni taratibu, hapo hata kitambaa cha uvuguvugu kinafaa, kwa kuwa ngozi ya mgongo inasikia.

Ganzi, shoti na mwasho

Ganzi kati ya kitovu na mshono hudumu miezi, mara nyingine mwaka, na kipande kidogo huweza kubaki hivyo daima. Shoti za ghafla za umeme, kuchomwachomwa na mwasho wa ndani usiokunika huja wiki kadhaa baadaye, mishipa ya fahamu inapoanza kuota upya. Papasa taratibu kwa kiganja juu ya nguo. Kuungua au ganzi upande wa nje wa paja ni mshipa mwingine, unaopita karibu na nyonga na kubanwa au kuvutwa. Mara nyingi hurudi sawa, lakini maumivu hayo yakikunyima usingizi kuna dawa maalumu za mishipa ya fahamu, usiteseke na paracetamol peke yake.

Kichwa kinachouma ukikaa tu

Kama ulichomwa ganzi ya mgongoni, na siku 1 hadi 3 baadaye kichwa kinauma ukikaa au kusimama kisha kinatulia ukilala, majimaji ya uti wa mgongo yamevuja kidogo kwenye tundu la sindano. Lala, kunywa maji, meza paracetamol, umweleze daktari. Kikidumu, mtaalamu wa usingizi ana njia ya kuziba tundu hilo. Shingo ikikaza na homa ikaja, ni dharura.

Ukifanyiwa mbali na nyumbani

Wapo wanaopasuliwa hapa nyumbani, siku hizi hata hospitali ya umma ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, na wapo wanaokwenda India au Uturuki. Kwa hao wa mbali, safari ya kurudi ndiyo inayonitia wasiwasi. Kukaa kwenye ndege zaidi ya saa 4 huongeza uwezekano wa damu kuganda hata kwa mzima, sembuse aliyepasuliwa juzi. Usikate tiketi kwa kufuata likizo. Kata kwa kufuata daktari, na muulize waziwazi kuhusu soksi za kubana na sindano za kuzuia damu kuganda. Omba kiti cha kando ya njia ya kupita, usimame na kutembea kila saa. Rudi na ripoti iliyoandikwa: jina la operesheni, tarehe, dawa, na nyuzi za kutolewa. Na uwe umeshaongea na daktari wa upasuaji wa hapa kabla ya kuondoka, asije akakutana nawe mara ya kwanza ukiwa na homa.

"Mbona jioni navimba upya?"

Umetembea, umekaa, majimaji yameshuka. Uvimbe wa jioni unaopungua asubuhi ni kawaida kwa miezi 3 hadi 6, na mabaki yake hadi mwaka. Punguza chumvi, inua miguu, endelea na mkanda kama ulivyoelekezwa. Kinena na sehemu za siri kuvimba au kuwa na michubuko wiki za mwanzo ni jambo hilohilo la majimaji kushuka. Wanawake na wanaume huliona na wengi hawaulizi. Usichokitaka ni uvimbe wa upande mmoja, wenye joto au maumivu mapya.

Uvimbe huo pia ndio unaowavunja watu moyo. Wiki ya kwanza na ya pili wengi hulia bila kujua kwa nini: dawa, usingizi wa vipande, kutegemewa kugeuka kutegemea, na kioo kinachoonyesha tumbo lililovimba baada ya gharama zote zile. Mwambie mtu. Hali hiyo ikipita wiki kadhaa bila kulegea, au ukipata mawazo ya kujidhuru, mwone daktari kama unavyomwona kwa kidonda.

Kovu linalowasha na kunyanyuka

Kovu huwa gumu na lenye rangi nzito miezi ya mwanzo, kisha hulainika. Huchukua mwaka 1 hadi 1 na nusu kutulia. Mshono ukishafunga kabisa, daktari akiridhia, karatasi au jeli ya silikoni kila siku kwa miezi kadhaa husaidia, na kovu likae mbali na jua. Lakini kama kovu linawasha sana, linauma na linakua nje ya mpaka wa mshono, hiyo ni keloidi, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi huipata zaidi. Usingoje liwe kubwa. Sindano za steroidi ndani ya kovu hufanya kazi vizuri zaidi likiwa changa. Na kama kwenu wapo wenye keloidi masikioni au kifuani, mwambie daktari kabla hujapanda kitanda cha operesheni, apange matibabu ya kovu tangu mwanzo.